Mkono Wahesabu Saba, Mguu Wahesabu Nne

Mwaka 1979, kabla sijawa mkuu wa chuo, nilikuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu. Siku moja nilimpa ngoma mwanachuo kutoka kwetu Bariadi, wakati huo ikiwa bado Mkoa wa Shinyanga, ili asindikize wimbo wa gwaride. Kila nilipogonga meza, moja, mbili, tatu, nne, yeye aliweka mkazo mahali pengine. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba hajui kuhesabu. Akajibu kwa adabu, "Mwalimu, nahesabu, ila nahesabu mbili kwa pamoja." Nikamwamuru akae chini. Hakushika ngoma tena mpaka alipohitimu.

Sikuwa na udhuru. Nimekulia kwenye bugobogobo. Nimeona majembe ya Wasukuma yakishuka kwa pamoja huku ngoma zikikatiza katikati yake. Nimewaona Bagika na Bagalu wakishindana baada ya mavuno. Tena Desemba 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akisikitika kwamba wasomi wetu walijua rumba na chachacha kuliko ngoma za wazee wao. Jambo hilo nililifundisha darasani, na darasani humo humo nikamnyamazisha mpiga ngoma.

Msomaji, hesabu yenyewe si ngumu. Chukua vipigo 12. Ukivigawa vitatu vitatu unapata hatua nne. Ukivigawa vinne vinne unapata hatua tatu. Mguu ukishika nne na mkono ukishika tatu, vyote viwili huanza pamoja, huachana, kisha hukutana tena mwanzoni. Hakuna aliyepotea njia. Bendi zetu za dansi za miaka ya 1960 na 1970 ziliyajua hayo: gitaa la solo, la rithimu na la besi, kila moja lilikuwa na njia yake, na utamu ulitoka pale njia zilipopishana.

Somo hili nimelirudia uzeeni, na mwalimu wangu ni mjukuu. Alikuja likizo Bariadi, ambayo tangu 2012 ni makao ya Mkoa wa Simiyu, akiwa na gitaa la umeme. Anapenda roki nzito iitwayo metali, hasa ya bendi ya Meshuggah ya Sweden. Mwanzoni nilisikia kelele tu. Kisha nikatazama mkono wake. Hubana nyuzi kwa ubavu wa kiganja, karibu na daraja la gitaa, sauti ikawa fupi na kavu kama ya ngoma. Akiachia kiganja, hapo ndipo mkazo unapotokea. Lakini mikazo ilikuwa ikihama kila mara.

"Unakosea," nikamwambia, kwa sauti ile ile ya 1979.

"Babu, usifuate mkono wangu. Fuata mguu."

Mguu wake ulikuwa ukigonga nne, bila kuyumba. Mkono ulirudia kifungu cha vipigo saba juu ya hatua zenye vipigo vinane. Hatua nne ni vipigo 32. Saba mara nne ni 28, vinabaki vinne. Hapo hukata kifungu katikati, mkono na mguu wakaanza upya pamoja. Nilipiga hesabu hiyo kwa vidole, nikanyamaza.

Mjukuu aliniuliza mbona nimenyamaza. Nikamsimulia habari za kijana yule wa ngoma. Akauliza, "Ulimwomba radhi?" Nikajibu kwamba sikumwomba.

Ndiyo maana nayaandika haya. Mwalimu mwenzangu, mwanafunzi asipofuata hesabu yako, usimwambie akae chini. Muulize kwanza yeye anahesabu nini, kisha utazame mguu wake.