Rubondo

Rubondo ni kisiwa cha Tanzania kilichomo pembe ya kusini-magharibi ya Ziwa Viktoria, ambacho, pamoja na visiwa vidogo vinavyokizunguka, kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977, baada ya kuwa pori la akiba tangu 1965. Eneo la hifadhi ni kiasi cha kilomita za mraba 457, na karibu nusu yake ni maji.

Nzohe, aishiye katika matete na mwenye kwato ndefu za kukanyagia tope, pamoja na pongo, kiboko na fisi maji, ndio wenyeji wa asili, ilhali simba na chui hawamo. Sifa yake kubwa, hata hivyo, imetokana na wanyama wageni: kati ya 1966 na 1969, kwa juhudi za Bernhard Grzimek wa Jumuiya ya Zoolojia ya Frankfurt, walifunguliwa humo sokwe 17, aghlabu yao wazaliwa wa misitu ya Afrika ya Magharibi waliokuwa wamefungwa katika mabustani na sarakasi za Ulaya, wakaachwa wajitafutie riziki bila ya mafunzo yoyote, na, ajabu ya mambo, waliishi, wakazaana, na vizazi vyao vingali msituni. Ndovu, twiga na mbega nao waliletwa wakastawi, bali faru walitoweka, wakimalizwa na majangili.

Upande wa Kenya wa ziwa hilo hilo, hifadhi ya taifa ya kisiwani ni Ndere, si mbali na Kisumu, iliyopewa daraja hiyo mwaka 1986. Nayo, kwa wasaa wake wa kilomita za mraba 4.2, ni ya swala pala na ndege kuliko ya wanyama wakubwa.