Kwenda ng'ambo kusoma? Lamu tulianza kitambo

Kila majibu ya ufadhili yakitoka, mitandao inajaa pongezi: huyu anaenda masta Uturuki, yule Uingereza, mwingine China. Poa sana. Ila kuna watu wanaongea kana kwamba watu wa pwani wamejua juzi tu kusafiri kutafuta elimu ya juu. Hapana, jamani.

Mchukue Sheikh Abdallah Bakathir. Alizaliwa Lamu karibu mwaka 1860, akasoma kwa masheikh wa hapa hapa. Tayari alikuwa mwanachuoni, lakini hakutosheka. Alienda Makka, na kwenye mwaka 1897 akafika Hadhramaut, Yemen, kukaa mbele ya masheikh wakubwa wa huko. Wasomi kama yeye walifuata ijaza, yaani idhini ya mwalimu: kitabu hiki umekisoma kwangu, sasa nenda ukakisomeshe. Ijaza ilitaja mwalimu wako, na mwalimu wa mwalimu wako, vizazi na vizazi. Hakuna aliyekuuliza chuo chako ni namba ngapi duniani. Uliulizwa umesoma kwa nani.

Na Lamu haikutuma wanafunzi tu, ilipokea pia. Habib Saleh alikuja hapa kutoka Ngazija, akasoma, akabaki, na kwenye mwisho wa karne ya 19 akaanzisha Riyadha. Wanafunzi wakamfuata kutoka mbali, na Riyadha ipo mpaka leo.

Sasa, tusiipambe historia. Elimu hii haikuwa ya kila mtu. Wengi waliosafiri walikuwa watoto wa masharifu na wa nyumba zenye jina, na karibu wote wanaume. Habib Saleh alipowasomesha hadi watumwa na watoto wao, kuna wakubwa wa mji waliochukia. Hakuacha.

Ndiyo maana nasema hivi: leo hatungoji upepo wa kusi, tunangoja viza, lakini mlango bado ni mwembamba. Anayepita mara nyingi ni yule mwenye ndugu anayejua njia. Bakathir alisomesha Unguja mpaka alipofariki 1925. Hakukaa na elimu yake kama pambo. Wewe uliyepata nafasi, hata kama hurudi kesho, mpigie mdogo wako wa Faza au Siyu. Mwonyeshe ile barua ya maombi inaandikwaje. Hasa kama ni msichana.