Mita ya Wati Yenye Mwelekeo na Tafsiri ya Vipimo Vyake: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Malampaka

Stesheni ya Malampaka, iliyopo Wilaya ya Maswa mkoani Simiyu, imo kwenye tawi la Reli ya Kati lililofika Mwanza mwaka 1928. Katika reli ya njia moja, usalama hutegemea kujua treni iliyo njiani inaelekea wapi. Mafundi wa redio nao walikabiliwa na swali kama hilo kuhusu kebo inayounganisha kisambazaji na antena. Tofauti ni kwamba ndani ya kebo mawimbi mawili hupishana bila kugongana: moja huenda kwenye antena, jingine hurudi.

Swali hilo lilipata uzito redio ilipoenea Afrika Mashariki. Utangazaji kutoka Dar es Salaam ulianza mwaka 1951, na huduma ya madaktari wa ndege ilianzishwa nchini Kenya mwaka 1957. Kwa hospitali ya kijijini isiyo na simu, antena mbovu ilikuwa na maana ya mgonjwa kukosa msaada.

Jibu lilipatikana Marekani. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Bird ilitoa mita ya Model 43, na mwaka 1959 Warren Bruene alieleza kwa kina utendaji wa mita za aina hiyo. Mita huchukua sampuli ndogo ya volteji na nyingine ya mkondo wa umeme. Katika wimbi linalorudi, mkondo huwa kinyume ukilinganishwa na volteji. Kwa hiyo sampuli hizo hujumlishwa kwa wimbi la upande mmoja na kufutana kwa wimbi la upande wa pili.

Ugumu umo katika tafsiri. Mita ikionyesha wati 100 zinazokwenda na wati 4 zinazorudi, nguvu halisi inayoelekea kwenye antena ni wati 96, na uwiano wa mawimbi yaliyosimama ni 1.5 kwa 1. Hata hivyo, usahihi wa Model 43 ni asilimia 5 ya kipimo cha juu kabisa. Kwenye kipimo cha wati 100, kosa laweza kufika wati 5, yaani kuzidi hizo wati 4 zenyewe. Fundi makini hubadili kipimo kabla ya kusoma nguvu inayorudi.

Kebo nayo huweza kudanganya. Ikiwa inapoteza nusu ya nguvu, wati 50 tu kati ya 100 hufika mwisho. Antena ikiwa imekatika, wati hizo zote 50 hurudi, na mita iliyo karibu na kisambazaji huona 25 tu. Uwiano husomeka 3 kwa 1, ilhali antena haipo kabisa.

Kwa hiyo kipimo kidogo cha nguvu inayorudi si uthibitisho wa uzima wa antena. Mita hutoa ushahidi wa mahali ilipofungwa. Hukumu hutolewa na fundi anayeijua kebo yake, na ambaye, inapowezekana, hupima pia penye antena.