KIWANDA KILILIACHA MWAKA 1978, WATU WASIO NA MAJINA WAKALIPA MACHO

Leo naweka pembeni stori za nani kaachana na nani. Nina penzi lingine la kuwapa, na wahusika wake majina kapuni, sio kwa sababu nawaficha, ila kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaandika.

Kama umeangalia ile muvi ya vichekesho ya mwaka 1981, Stripes, aliyocheza Bill Murray, unalikumbuka lile gari kubwa la EM-50 lenye silaha kila kona. Sasa sikia, lile halikuwa gari la jeshi. Ilikuwa motohomu ya GMC, yaani gari ambalo ni nyumba: kitanda, jiko, choo, vyote humo humo.

GMC waliliingiza sokoni mwaka 1973 huko Michigan, Marekani. Kwa wakati ule lilikuwa noma. Matairi 6, mawili mbele na manne nyuma. Injini ya V8 ya lita 7.5 iliyotoka kwenye Oldsmobile Toronado, na inavuta kwa matairi ya mbele, kwa hiyo chini hakuna shafti ndefu na sakafu imekaa karibu kabisa na lami. Bahati mbaya, mwaka huo huo wa 1973 mafuta yakapanda bei dunia nzima. Mwaka 1978 kiwanda kikafunga mlango. Yalikuwa yametengenezwa kama 13,000 tu, halafu basi.

Kiwanda kikiacha kutengeneza gari, kawaida linaenda kufia nyuma ya nyumba ya mtu. Haya hayakufa yote. Mpaka leo yapo barabarani, na waliyoyaokoa ni watu wa kawaida: wastaafu, mafundi umeme, wazee wenye gereji uani. Moja ya vitu walivyofanya ni kuyapa macho.

Twende nyuma kidogo. Mwaka 1849, Mfaransa Eugène Bourdon alisajili kibomba kilichopindwa ambacho presha ikiingia kinajinyoosha na kusukuma mshale. Geji nyingi za presha unazoziona mpaka leo ni watoto wake. Mwaka 1912, Harrison Boyce akasajili kipima joto cha kukaa juu ya mfuniko wa rejeta, dereva anakiona akiwa kwenye usukani. Dereva wa zamani alikuwa anajua injini yake inajisikiaje.

Halafu miaka ya 1930 kampuni ya Hudson ikaleta wazo la kutoa mishale na kuweka taa. Ni rahisi, na haimsumbui dereva. Makampuni mengine yakafuata, na Wamarekani wakazipa jina la kejeli: taa za wajinga. Kwa nini? Kwa sababu taa ya oili ikiwaka, presha imeshaporomoka. Taa ya joto ikiwaka, gari limeshachemsha. Ni kama rafiki anayekuja kukuambia demu wako anakusaliti siku ya harusi yake na huyo mwingine.

Sasa vuta picha. Mzee na mkewe wako kwenye gari la tani kama 5, wanapanda milima ya Colorado kuelekea handaki la Eisenhower, zaidi ya mita 3,300 juu ya usawa wa bahari. Injini ina miaka zaidi ya 40. Gia boksi ni ya otomatiki, na kinachoiua haraka ni oili yake kupata moto kupita kiasi. Ukisubiri taa, umeua injini, umelala porini, na spea hazipo duka la jirani. Kwa wengi wao hilo gari ndiyo pensheni yao na ndiyo ndoto yao.

Wangechomeka kompyuta kama fundi wako anavyofanya? Haiwezekani. Ile soketi ya kupimia gari ilikuwa lazima kwa magari yote mapya Marekani kuanzia mwaka 1996. Gari la 1973 halina kompyuta ya kuongea nayo. Kwa hiyo wakaanza kufunga wenyewe, kimoja kimoja: sensa ya maji, sensa ya presha ya oili, sensa ya oili ya gia boksi. Sensa ya joto ina kitu ndani ambacho joto likipanda, kinapitisha umeme kwa urahisi zaidi. Kifaa kinasoma hayo mabadiliko na kuyageuza namba kwenye skrini. Wengine wakang'oa kabureta, wakaweka nozeli zinazoendeshwa na kompyuta, na kompyuta hiyo ikaja na data zake.

Sio kazi ya kukurupuka. Sehemu za bodi ni faibaglasi, ambayo haipitishi umeme, kwa hiyo waya wa hasi lazima ufike kwenye chesisi au betri. Ukifunga hovyo, namba zinacheza zenyewe na unapata presha wewe badala ya injini.

Na ugomvi upo. Kuna wanaosema ukiweka skrini umeua ladha ya 1973. Wengine wanaificha skrini pembeni, mishale ya zamani inabaki pale pale. Mimi nipo na hao. Skrini nayo inadanganya: maji yakivuja yakaisha, sensa inabaki hewani na inaweza kusoma joto dogo wakati injini inaungua. Macho mawili ni bora kuliko moja.

Ila faida ya namba ni hii: unaiona ikipanda. 88, 93, 97. Unapunguza mwendo, unapaki pembeni, mnakunywa chai, injini inapoa, safari inaendelea. Taa inakuambia kilichotokea. Namba inakuambia kinachokuja.

Kwenye hadithi hii Bourdon na Boyce wameandikwa. Aliyelala chini ya gari usiku na tochi mdomoni, akivuta waya ili mke wake afike salama, hakuandikwa. Leo nimemwandika.

Na wewe, ile taa ya njano kwenye dashibodi yako imewaka toka lini? Usidanganye, tiririka hapo chini kwenye komenti.