Zaidi ya Bomba la Dawa

Kitabu cha Kichina kinachohesabiwa kuwa cha mwaka 304 kinaeleza kwamba wakulima wa machungwa wa kusini walinunua viota vya majimoto sokoni na kuvitundika mitini, maana bila sisimizi hao wadudu wangemaliza matunda yote. Huenda ushauri na tiba vilitoka kwa muuzaji mmoja.

Mtaalamu wa kulipwa na serikali alikuja baadaye sana. Mwaka 1888, vidugamba waliotoka Australia walikuwa wakiimaliza michungwa ya California. Albert Koebele akatumwa hukohuko Australia kumtafuta adui wao, akapeleka mbawakawa wadogo wekundu. Mwenzake, Daniel Coquillett, aliwaachia ndani ya hema la chandarua lililofunika mchungwa mmoja huko Los Angeles. Walipousafisha mti, alifungua upande mmoja wa hema. Kufikia mwisho wa 1889, vidugamba hawakuwa tishio tena.

Hata hivyo, sumu ilikuwa rahisi zaidi kuuza. Mwaka 1914 A. L. Melander, akifanya kazi katika mashamba ya matofaa jimboni Washington, alionyesha kuwa vidugamba wa aina nyingine walikuwa wameanza kuizoea dawa ya kuwaua. Mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria ya Smith-Lever iliyogharimia huduma za ugani, yaani ushauri wa umma kwa wakulima. Lakini sumu haikukoma: baada ya 1945 ikaingia DDT. Iliua wadudu waharibifu pamoja na maadui wa utitiri, na utitiri ukafumka kwenye matofaa. Mwaka 1959 wanasayansi wanne wa California walitoa kanuni mpya: usipulize mpaka hasara inayokuja iwe imekaribia kuzidi gharama ya kuizuia. Tangu hapo kazi ya mshauri ikawa kuhesabu wadudu kwanza.

Kwetu, somo la majimoto lilirudi kwa njia ya minazi. Zanzibar, miaka ya 1950, M. J. Way aligundua kuwa minazi iliyokaliwa na majimoto ilizaa vizuri, na ile iliyotekwa na sisimizi wengine ilidondosha nazi changa kwa kufyonzwa na kunguni ambaye baadaye alipewa jina lake, *Pseudotheraptus wayi*.

Kisha, mwaka 2003, nzi wa matunda kutoka Asia alionekana Kenya na Tanzania. Hutaga mayai ndani ya embe, na funza wake hula nyama kabla ganda halijaonyesha dosari. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya, ikarejea 2021. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kilileta nyigu wadogo kutoka Hawaii. Mmoja wao hutaga ndani ya mayai ya nzi. Maembe yaliyooza hukusanywa ndani ya kihema cha wavu: matundu yanampitisha nyigu, nzi anabaki ndani.

Lakini nzi hajui mpaka wa shamba. Anayezika maembe mabovu huku jirani yake akiyaacha chini ya mti anajisumbua bure; lazima kijiji kizima kikubaliane, na makubaliano hayo yanahitaji mtu wa kuyasimamia. Katika miaka ya marekebisho ya uchumi, nchi zetu zilipunguza ajira za mabwana shamba, na wakulima wengi wakabaki kumuuliza mwenye duka la pembejeo. Huyo hana faida yoyote katika kumwambia mteja asubiri wiki moja ahesabu nzi kwenye mtego. Ndiyo maana bwana shamba wa matunda anapaswa kulipwa na umma: ushauri wake ulio bora mara nyingi ni wa kutonunua kitu.