Mtoto hajakaa, wa jirani anatambaa: Wakati wa kusubiri na wakati wa kwenda kituoni

Siku ya kliniki akina mama hukaa kwenye benchi la zahanati wakisubiri zamu ya mizani. Wasiwasi mwingi huanzia hapo. Watoto wawili waliozaliwa wiki moja wamepakatwa jirani. Mmoja amekaa mwenyewe anachezea kadi yake, mwingine bado anaegemea kifua cha mama. Mama wa huyu wa pili hasemi kitu, ila usiku halali.

Akiuliza nyumbani, hupata majibu ya aina mbili. Wapo wanaomwambia, "Subiri, hata baba yake alichelewa." Wapo wanaomwambia kuna jambo alilokosea ndiyo maana mtoto yuko hivyo. Jibu la kwanza mara nyingine ni la kweli na mara nyingine ni la hatari. La pili linawafanya akina mama wengi wafiche watoto badala ya kuwapeleka kwa wataalamu. Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kutofautisha mtoto anayekwenda kwa mwendo wake na mtoto anayehitaji kuonwa mapema.

Kila hatua ina muda mrefu

Shirika la Afya Duniani, WHO, liliwafuatilia watoto zaidi ya 800 wenye afya nzuri katika nchi tano: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Matokeo yalitolewa mwaka 2006. Watoto hao walikuwa wakinyonya na kulishwa vizuri, lakini hawakufanana hata kidogo katika umri wa kukaa au kutembea:

- Kukaa bila kushikwa: kati ya miezi 4 na 9.
- Kutambaa kwa mikono na magoti: kati ya miezi 5 na 13 na nusu.
- Kusimama bila kushika kitu: kati ya miezi 7 na 17.
- Kutembea mwenyewe: kati ya miezi 8 na 17 na nusu.

Kwa hiyo mtoto aliyeanza kutembea akiwa na miezi 9 na aliyeanza akiwa na miezi 17 wote wanaweza kuwa wazima. Pia watoto wachache, kama 4 katika kila 100, hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Walijivuta kwa makalio au kwa tumbo, au walisimama moja kwa moja wakatembea.

Siku za chanjo zikukumbushe

Kwa kuwa kila mzazi anazo tarehe za chanjo kwenye kadi, tumezitumia kama alama za njia. Hapa Tanzania mtoto huchanjwa anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 9 na mwezi wa 18.

Wiki ya 6: Anautazama uso wako unapomnyonyesha. Anashtuka kwa kelele kubwa. Anaanza kutabasamu unapomchekea, ingawa wengine huanza wiki ya 8.

Wiki ya 14: Anafuata kitu kwa macho. Akilazwa kifudifudi ananyanyua kichwa. Shingo inaanza kukaza na viganja havikunjwi ngumi muda wote.

Miezi 6: Anajigeuza, anashika kitu na kukipeleka mdomoni, anacheka kwa sauti, anageukia anakotokea mtu anayeongea. Huu ndio umri wa kuanza chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya.

Miezi 9: Wengi wanakaa wenyewe, wanahamisha kitu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na wanatoa sauti kama "ba-ba-ba" na "da-da-da". Anamjua mama na anaweza kumlilia mgeni.

Mwaka 1: Anajivuta kusimama kwa kushika kiti au ukuta. Anaitika jina lake, anapunga mkono wa kwaheri, anaonyesha anachotaka.

Miezi 18: Anatembea, anasema maneno machache, anaelewa ukimwambia "lete kikombe".

Orodha hii si mtihani. Mtoto akikosa jambo moja huku mengine yote anayafanya na kila mwezi anaongeza jipya, mara nyingi ni mwendo wake tu. Wasiwasi ni mkubwa zaidi kwa mtoto aliyekosa mambo mengi pamoja, au ambaye miezi miwili au mitatu imepita hajaongeza kitu.

Kama alizaliwa njiti

Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake huhesabiwa umri kwa namna nyingine. Mimba kamili ni wiki 40. Aliyezaliwa wiki ya 32 aliwahi kwa wiki 8, yaani karibu miezi miwili. Akiwa na miezi 8 kwa kalenda, hatua zake mpime kama mtoto wa miezi 6. Endelea kuhesabu hivyo hadi afike miaka miwili. Chanjo lakini hazirudishwi nyuma. Hizo hufuata tarehe aliyozaliwa.

Tunalisisitiza hili kwa sababu mama wengi wa watoto njiti huteseka bure kwa kuwalinganisha na watoto waliotimiza miezi yote tumboni. Hata hivyo njiti wana hatari zaidi ya kupata matatizo, kwa hiyo usikose mahudhurio yake hata kama anaonekana mzima.

Dalili ambazo hazisubiri

Nenda kituoni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona haya:

- Mtoto mchanga ana manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au manjano yamefika viganjani na kwenye nyayo, au ana manjano na hanyonyi. Manjano makali yanaweza kuharibu ubongo na masikio, na kumwanika juani si tiba yake.
- Degedege ya aina yoyote.
- Mtoto anajikunja ghafla kama aliyeshtuliwa, kichwa na mikono vikienda mbele, mara nyingi mfululizo, hasa anapoamka. Watu hudhani ni tumbo au mshtuko, kumbe inaweza kuwa aina ya kifafa cha watoto wachanga.
- Ana homa na utosi umevimba, au amelegea na hanyonyi.

Haya mengine usisubiri siku ya kliniki ijayo. Mpeleke ndani ya wiki hiyo:

- Mwili umelegea kama kitambaa, au umekakamaa na miguu inapishana kama mkasi unapomnyanyua.
- Miezi 4 imetimia na shingo haijakaza.
- Miezi 3 imetimia na hajawahi kutabasamu, au hafuati uso wako kwa macho.
- Hashtuki wala hageuki kwa sauti. Piga sufuria kwa kijiko nyuma yake, asipokuona, umtazame.
- Anatumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka. Umri huo haonyeshi mkono wa kulia au wa kushoto, hutumia yote miwili. Akiuacha mmoja, huenda una udhaifu.
- Kichwa kinakua haraka kuliko mwili, au macho yanatazama chini muda wote.
- Mboni ya jicho inaonekana nyeupe. Wakati mwingine hugundulika kwenye picha iliyopigwa kwa simu yenye mwanga.
- Miezi 9 imepita na hawezi kukaa, au miezi 18 imepita na hatembei.
- Alikuwa anaweza jambo na sasa ameliacha. Aliyekuwa anakaa hakai tena, aliyekuwa anasema maneno amenyamaza. Dalili hii haina umri wa kusubiri.

"Amebemendwa" na lawama nyingine

Katika sehemu nyingi za nchi yetu, mtoto anayekonda au anayechelewa kusimama dede husemwa "amebemendwa": kwamba wazazi walikutana kimwili mapema wakati ananyonya, au mmoja wao alitoka nje ya ndoa. Mzigo wa lawama humwangukia mama. Matokeo yake tunayafahamu. Anaacha kliniki kwa kuogopa macho ya watu kwenye lile benchi. Anamwachisha mtoto ziwa akidhani maziwa yameharibika. Miezi inapita kwa dawa za kuogesha, na tatizo lenyewe halijaguswa.

Tuseme wazi: tendo la ndoa haliharibu maziwa ya mama na halidhoofishi miguu ya mtoto. Lililo kweli ni kwamba mimba ikiingia mapema sana, mama huchoka, na mtoto mkubwa anaweza kuachishwa ziwa kabla ya wakati akakosa lishe. Ndiyo sababu WHO inashauri ipite angalau miaka miwili tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Dawa ya hilo ni uzazi wa mpango na lishe. Mtoto anayekonda anahitaji pia kupimwa magonjwa kama kifua kikuu na VVU, kwa sababu yote mawili yana matibabu na hayaonekani kwa macho.

Pia kuna maeneo ambako mtoto aliyechelewa kutembea huchimbiwa shimo akafukiwa hadi kiunoni ili miguu ipate nguvu. Shimo haliimarishi misuli. Kama miguu imekakamaa kwa sababu ya ubongo, kulazimishwa kusimama kunaweza kumuumiza.

Sababu halisi ni nyingi, na nyingi hazikutokana na kosa la mzazi: kuzaliwa kabla ya siku, kuchelewa kulia wakati wa kuzaliwa, manjano makali, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, utapiamlo, upungufu wa damu, kutosikia vizuri, au hali aliyozaliwa nayo.

Kwa nini mapema

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtoto mwenye kichwa kinachojaa maji akifanyiwa upasuaji mapema, ubongo huokolewa zaidi. Mwenye nyayo zilizopinda akianza plasta katika wiki zake za kwanza, mara nyingi miguu hunyooka bila upasuaji mkubwa. Mwenye mtindio wa ubongo haponi kabisa, lakini mazoezi ya mapema huzuia viungo visigande, na mama hufundishwa jinsi ya kumkalisha na kumlisha bila kupaliwa. Mtoto asiyesikia akigunduliwa kabla ya mwaka, familia inaweza kuanza lugha ya alama au kupata msaada mwingine kabla umri wa kujifunza lugha haujapita.

Ukifika kituoni

Usiseme tu "mtoto hana raha". Sema kwa umri na kwa tendo: "Ana miezi saba, shingo bado inaanguka, na alichelewa kulia alipozaliwa." Kama kuna mtikisiko au mjikunjo unaokuja na kupotea, mrekodi kwa simu dakika moja, umwonyeshe mhudumu. Video hiyo husaidia kuliko maelezo marefu.

Foleni ni ndefu na siku nyingine mtoto hupimwa uzito tu. Kabla hujaondoka kwenye mizani, sema, "Nesi, nina swali kuhusu ukuaji wake." Ukiambiwa usubiri, uliza: "Nisubiri hadi tarehe gani, na nikiona nini nirudi kabla?" Iandikwe kwenye kadi. Tarehe ikifika bila mabadiliko, omba rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, na uulizie fiziotherapia. Sera ya afya ya Tanzania inasema watoto chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Nauli ndiyo inayokwamisha wengi, kwa hiyo baba na ndugu walijue jambo hili mapema, lisiwe la mama peke yake.

Unachoweza kufanya leo

Mtoto hujifunza mwili wake akiwa huru. Tandika khanga juu ya mkeka, umlaze kifudifudi akiwa macho na wewe ukiwa karibu, dakika chache mara kadhaa kwa siku. Wakati wa kulala, mlaze chali. Kumbeba mgongoni hakuna ubaya, lakini mtoto aliyefungwa mgongoni kutwa nzima hana nafasi ya kujigeuza.

Ongea naye unapomwogesha na unapopika. Akitoa sauti, mjibu. Baba, bibi na kaka zake wafanye hivyo hivyo. Vitu vya kuchezea si lazima vinunuliwe: kikombe cha plastiki, kijiko cha mti, au chupa yenye mahindi machache iliyofungwa kwa nguvu vinatosha.

Siku nyingine utakapokaa kwenye lile benchi, mtazame mtoto wako mwenyewe. Jiulize kama mwezi huu ameongeza jambo ambalo mwezi uliopita hakuwa nalo. Kama ndiyo, na hana dalili tulizotaja, rudi nyumbani ukalale. Kama hapana, usirudi bila kuuliza. Nesi akikuambia mtoto yuko sawa, hujapoteza kitu. Akikupa rufaa, umemwokolea miezi.