"Mjinga": Historia ya Neno toka Unguja hadi Lokori

Maneno yanayomtaja mtu asiye na akili hudhaniwa kuwa ni matusi matupu, yasiyostahili uchunguzi. Lakini asili zake hudhihirisha jinsi jamii ilivyowapima wanyonge na wageni wake. Katika Kiingereza, neno "idiot" latokana na neno la Kiyunani lililomtaja mtu wa kawaida asiyeshika madaraka ya umma. Na "silly" hapo kale lilimaanisha mwenye heri, likaja kumaanisha mnyonge wa kuhurumiwa, kisha mtu wa kuchekwa. Waliotajwa kwanza kwa maneno hayo hawakuwa wapungufu wa akili.

Kiswahili nacho kina hazina yake. "Juha" limetoka katika ngano za Kiarabu. "Punguani" lahusiana na kitenzi "pungua", na "mpumbavu" na "pumbaa". Ila neno lililobeba historia nzito zaidi ni "mjinga". Edward Steere, katika kitabu chake cha lugha kilichotolewa mwaka 1870, alilieleza kuwa ni mgeni asiye na uzoefu, na kwamba liliwahusu hasa watumwa waliofika karibuni. Wakati huo soko la watumwa la Unguja lilikuwa wazi. Lilifungwa mwaka 1873. Aliyeletwa kutoka bara aliitwa mjinga kwa kuwa hakujua lugha wala desturi za pwani. Aliyezaliwa huko utumwani aliitwa mzalia. Ujinga, basi, ulikuwa hali ya kupita, si tabia ya kuzaliwa nayo. Ndiyo maana methali "Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani", ikisomwa kwa historia hiyo, yawa onyo kwa wamiliki wa watu.

Maana ya ugeni ilififia, ikabaki ile ya kutojua. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, Kenya iliutaja ujinga kuwa adui wa taifa pamoja na umaskini na maradhi. Mwaka 1979 ikaanzishwa idara ya elimu ya watu wazima, na "kufuta ujinga" kukawa ni kufundisha kusoma na kuandika.

Kwa maana hiyo neno lilifika Lokori, kando ya mto Kerio, kusini mwa Turkana. Huko lugha ya nyumbani ni Kiturkana, na Kiswahili ni lugha ya shule, ofisi na duka. Mchungaji awezaye kumtambua kila ng'ombe kwa rangi, madoa na mwelekeo wa pembe huhesabiwa mjinga kwa kutojua herufi. Kiturkana chenyewe kilimpima mgeni kwa kipimo kingine: neno "emoit", wingi wake "ngimoe", humtaja mgeni na adui pamoja. Mgeni alihofiwa kwa mkuki wake. Hakuchekwa kwa usemi wake.

Likirudishwa kwenye maana aliyoiandika Steere, neno hili lageuka. Mjinga wa Lokori si mzee aliyezaliwa hapo na kuzijua njia za maji. Ni mwalimu au karani aliyefika juzi, asiyejua lugha ya wenyeji wala majina ya mifugo yao. Naye hana sababu ya kuona haya, maadamu kuuliza si ujinga. Aibu ni kumwita mwenyeji kwa jina ambalo kwa asili ni lake yeye mgeni.